Foleni ya Akiba ya Baruapepe kwa Seva Yenye Laini Isiyotegemeka

1. Utangulizi

Makala haya yanakusudia kueleza namna idara ya chuo, au taasisi nyingine ndogo yenye seva yake ya baruapepe, inavyoweza kuzihifadhi barua zinazoijia wakati laini yake ya intaneti imekatika. Huenda msomaji akashangaa kulikuta jambo la mitambo katika jarida la lugha. Lakini idara za lugha, kama idara nyingine zote, siku hizi huishi kwa baruapepe. Makala za jarida hufika kwa njia hiyo. Ripoti za watahini wa nje hufika kwa njia hiyo. Na mwanafunzi aliye Lamu au Lodwar huleta sura ya tasnifu yake kwa njia hiyo hiyo. Barua inapopotea, aghalabu asiye na hatia ndiye alaumiwaye. Mwandishi huambiwa kwamba hakuleta makala yake kwa wakati, naye mhariri hudhaniwa kuwa ameipuuza kazi ya mwenzake.

Ni kweli kwamba vyuo vingi vimekwisha kabidhi baruapepe zao kwa makampuni makubwa ya ng'ambo, na kwa vyuo hivyo mengi tutakayoyaeleza hufanywa na wengine. Hata hivyo zipo idara, shule na mashirika ambayo bado yana seva zao, ama kwa sababu ya gharama, ama kwa kuwa hayapendi barua zao zikae mikononi mwa watu wasiowajua. Hao ndio tunaowaandikia hasa.

Hoja yetu kubwa ni kwamba upelekaji wa baruapepe umejengwa juu ya wazo la amana. Seva inayokubali barua huwa imejitwika wajibu wa kuifikisha, au wa kumwarifu mwenyewe kwamba imeshindwa. Basi mtu akiweka seva ya pili ili izipokee barua wakati ya kwanza haipatikani, amemwongeza mshika amana wa pili, naye hana budi kuyatimiza masharti yote ya amana. Asipoyatimiza, ni heri asingekuwapo. Tutaanza kwa kueleza maneno machache, kisha tutaifuata safari ya barua, tupime ni lini foleni ya akiba inahitajika, na mwisho tuoneshe namna ya kuiweka na kuijaribu.

2. Maneno tutakayoyatumia

Seva ni kompyuta iwashwayo usiku na mchana ili izihudumie kompyuta nyingine. Kikoa ni jina la taasisi katika intaneti, yaani ile sehemu ya anwani inayofuata alama ya @. Katika mifano yetu tutatumia kikoa idara.example, kwa kuwa majina yenye mwisho huo yalitengwa mwaka 1999 kwa ajili ya mifano tu, na hayawezi kuwa mali ya mtu yeyote. Daftari la majina ni ule mfumo wa intaneti uitwao DNS, ambao hueleza kila kikoa kiko wapi na barua zake zipelekwe kwa nani.

Neno tarishi ni la zamani, na maana yake ni mchukuzi wa barua. Hapa tutalitumia kwa programu iliyo ndani ya seva ambayo kazi yake ni kupokea barua na kuzipeleka mbele. Sendmail, iliyoandikwa na Eric Allman katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ni tarishi wa aina hiyo. Na kadhalika Postfix, iliyoandikwa na Wietse Venema na kutolewa kwa umma mwaka 1998. Mifano yetu itatoka katika Postfix, maana hupatikana bila malipo na hutumika mahali pengi.

Ama neno foleni, halihitaji maelezo kwa mtu yeyote aliyewahi kusimama katika benki au katika ofisi ya posta. Lakini tofauti moja yafaa itajwe mapema. Foleni ya watu huenda kwa zamu, na aliyetangulia kuingia ndiye atanguliaye kuhudumiwa. Foleni ya tarishi haina zamu ya namna hiyo. Kila barua iliyokwama huwekewa saa yake ya kujaribiwa tena, na barua ya leo yaweza kutoka kabla ya barua ya juzi. Asiyelijua jambo hili hudhani kwamba barua yake imerukwa.

3. Safari ya barua

Itifaki inayotawala upelekaji wa baruapepe huitwa SMTP. Jonathan Postel aliiandika kwa ukamilifu mwezi wa Agosti 1982, nayo imerekebishwa mara kadhaa, mojawapo ikiwa ni mwaka 2008. Mambo yake ya msingi ni mepesi. Tarishi wa mpelekaji hulitazama daftari la majina na kuuliza ni seva gani ipokeayo barua za idara.example. Akiisha kulipata jina la seva, huipigia, akamtaja mwandikaji, akamtaja mwandikiwa, kisha akaisoma barua yenyewe. Kila asemapo neno, seva ya upande wa pili humjibu kwa nambari ya tarakimu tatu.

Tarakimu ya kwanza ndiyo yenye uzito. Jibu lianzalo kwa 2 maana yake ni kwamba jambo limekubaliwa. Jibu lianzalo kwa 4 maana yake ni kwamba haliwezekani kwa sasa, basi mpelekaji ajaribu tena baadaye. Pengine diski imejaa au mitambo imelemewa. Jibu lianzalo kwa 5 maana yake ni kwamba haliwezekani kabisa, kwa mfano 550 pale ambapo mwandikiwa hayupo. Seva ikiisha kujibu 250 baada ya kusomewa barua nzima, amana imebadilisha mikono. Tarishi wa mpelekaji huifuta nakala yake, na kuanzia hapo seva iliyopokea ndiyo iulizwayo.

Je, seva isipojibu lolote, kwa kuwa laini imekatika? Tarishi wa mpelekaji hulichukulia jambo hilo kama jibu la 4. Barua huiweka katika foleni yake mwenyewe, akajaribu tena na tena. Itifaki ya mwaka 2008 yashauri kwamba kwa kawaida muda baina ya jaribio na jaribio usipungue dakika 30, na kwamba mpelekaji asikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Postfix, isipobadilishwa, hushika siku 5, kisha humrudishia mwandikaji barua yake pamoja na maelezo.

Twaona basi kwamba foleni ya kwanza ya akiba imo tayari katika kila seva ya mpelekaji ifuatayo itifaki. Laini ikikatika usiku mmoja, au hata mwisho mzima wa juma, barua hazipotei. Zinangoja huko zilikotoka. Wahenga walituasa tusiache mbachao kwa msala upitao. Kabla ya kununua seva ya pili, mtu aijue kwanza thamani ya foleni hii aliyonayo bila gharama.

Wazo la kuihifadhi barua mpaka njia ipatikane si geni katika nchi yetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 shirika la Environment Liaison Centre International mjini Nairobi liliendesha kituo cha FidoNet, mfumo ulioanzishwa na Tom Jennings nchini Marekani mwaka 1984. Kompyuta hazikuwa zimeungana daima. Barua zililimbikwa, kisha kompyuta moja ikaipigia nyingine simu, zikabadilishana mizigo yao na kukata. Laini ilikuwa ya muda mfupi, na kila mtu alijua hivyo. Kwa hiyo mfumo wote ulijengwa kwa kuutarajia mkatiko.

4. Ni lini foleni ya akiba inahitajika?

Laini zetu za leo zina kasi kubwa kuliko zile, lakini hukatika kwa sababu nyingi. Mwezi wa Februari 2012 nanga ya meli iliukata waya wa baharini wa TEAMS karibu na Mombasa. Tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulipotea karibu Kenya nzima. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika kwa pamoja, na intaneti ikazorota katika nchi kadhaa za Afrika ya Mashariki. Tukiyaongeza hayo na waya wa mtaani unaokatwa na wachimbaji wa barabara, pamoja na bili iliyochelewa kulipwa, tutaona kwamba kukatika kwa laini ni jambo la kutarajiwa.

Hata hivyo, mikatiko mingi ya aina hiyo huisha kabla ya siku 5, na foleni ya mpelekaji yatosha. Foleni ya akiba yetu wenyewe hufaa katika hali tatu.

Kwanza, ni pale ambapo mkatiko waweza kupita siku 5. Idara hufungwa wakati wa likizo ya Desemba, seva ikazimika siku ya pili, na fundi asirudi mpaka Januari.

Pili, ni pale ambapo wapelekaji hawana subira. Siku 5 ni ushauri wa itifaki, na hakuna awezaye kumlazimisha mpelekaji aufuate. Wako wapelekaji waliopanga kukata tamaa baada ya siku moja tu, na ziko programu nyingine, hasa zile zitumazo barua za moja kwa moja kutoka katika tovuti, ambazo hujaribu mara moja zikaacha.

Tatu, na hili ndilo husahauliwa zaidi, ni pale ambapo laini hupatikana kwa muda mfupi mfupi. Postfix huongeza muda wa kungoja kila jaribio linaposhindwa, mpaka kufikia sekunde 4000, yaani dakika 66 na sekunde 40. Sasa tuseme laini ya idara hufunguka kwa dakika 40 tu kila siku. Mpelekaji ajaribuye kila baada ya dakika 66 aweza kupiga kabla tu ya laini kufunguka, kisha akapiga tena baada ya kufungwa. Yamkini jambo hilo likatokea siku tano mfululizo, na barua ikarudishwa ilhali laini ilifunguka kila siku. Seva ya akiba iliyo chini ya mamlaka yetu yaweza kuondoa udhia huu, kwa sababu twaweza kuiamuru itoe barua zote mara laini ifungukapo. Amri ya kufanya hivyo huitwa ETRN, nayo iliwekwa katika itifaki mwezi wa Agosti 1996. Seva ya idara huitoa yenyewe pindi laini irudipo, mathalan kwa kutumia programu ya fetchmail.

Ikiwa hakuna hali hata moja kati ya hizi tatu, ushauri wetu ni kwamba seva ya akiba isiwekwe. Tutaeleza sababu katika sehemu ifuatayo.

5. Namna ya kuiweka

(a) Mahali. Seva ya akiba haina faida ikiwa inatumia umeme ule ule na laini ile ile. Iwekwe katika jengo jingine lenye laini ya kampuni nyingine, na bora zaidi katika mji mwingine. Idara mbili za vyuo viwili zaweza kuafikiana, kila moja ikawa akiba ya mwenzake.

(b) Daftari la majina. Kikoa hupewa mistari miwili ya aina iitwayo MX:

idara.example. MX 10 barua.idara.example.
idara.example. MX 20 akiba.idara.example.

Nambari ndogo ndiyo yenye kutangulia. Wapelekaji hujaribu ya 10 kwanza. Isipopatikana, huenda kwa ya 20. Seva ya akiba nayo hulisoma daftari hilo hilo, ikajiondoa yenyewe katika hesabu, ikaendelea kuijaribu ya 10 mpaka ifunguke.

(c) Maagizo ya tarishi. Katika Postfix ya seva ya akiba huandikwa mistari kama hii:

relay_domains = idara.example
relay_recipient_maps = texthash:/etc/postfix/wapokeaji
maximal_queue_lifetime = 14d
delay_warning_time = 24h

Mstari wa kwanza waitaja idara ambayo barua zake zitapokewa ili zipelekwe mbele. Kikoa hicho kisitajwe tena katika agizo liitwalo mydestination, la sivyo tarishi atadhani kwamba barua zimekwisha fika nyumbani. Wala asiagizwe kupokea barua za kila kikoa duniani, maana seva ya namna hiyo hugeuzwa na matapeli kuwa punda wa kubebea barua taka, na punde si punde seva nyingine zote huisusia.

(d) Orodha ya wapokeaji. Mstari wa pili ndio mgumu, na ndio uonyeshao tofauti ya mshika amana mwaminifu na asiyekuwa mwaminifu. Katika faili ya wapokeaji huandikwa kila anwani halali ya idara, moja katika kila mstari, ikifuatwa na neno OK. Orodha hii isipokuwapo, seva ya akiba hukubali barua za majina yote, hata yasiyokuwapo. Laini ikirudi, seva kuu huzikataa kwa 550. Lakini seva ya akiba imekwisha jibu 250. Amana imo mikononi mwake, na wajibu wake ni kumrudishia mwandikaji. Kwa kuwa barua taka nyingi hubeba jina la kughushi la mwandikaji, barua hizo hurudishwa kwa watu wasiojua lolote. Mtu wa Kisumu hupata barua mia za kuarifiwa kwamba ameshindwa kumfikia mtu ambaye hakumwandikia. Kila mfanyakazi aingiapo au atokapo katika idara, orodha hii ibadilishwe siku hiyo hiyo katika seva zote mbili, na Postfix iarifiwe kwa amri ya postfix reload.

(e) Ulinzi uwe sawa. Watumaji wa barua taka wana desturi ya kuiendea seva ya nambari kubwa kwa makusudi, hata kama ile kuu iko wazi, wakitumaini kwamba mlango wa nyuma hauna askari. Basi vichujio vyote vya seva kuu viwekwe pia katika ya akiba. Kwa upande mwingine, seva kuu ifunzwe kuitambua ya akiba. Kipimo kiitwacho SPF huangalia kama anwani ya seva inayoleta barua imeruhusiwa na kikoa cha mwandikaji. Barua ipitiayo katika akiba huletwa na anwani ya akiba, na seva kuu isipoagizwa kuiruhusu yaweza kuikataa barua halali.

(f) Muda wa kushika. Wahenga wamesema akiba haiozi, lakini akiba ya tarishi huoza. Isipobadilishwa, Postfix ya akiba nayo huirudisha barua baada ya siku 5. Katika mfano wetu tumeweka siku 14. Diski yapaswa ilingane na muda huo. Ikiwa idara hupata barua 400 kwa siku, na kila moja kwa wastani ni kilobaiti 250, hizo ni megabaiti 100 kwa siku, na kwa siku 14 ni gigabaiti 1.4. Huo ni mzigo mdogo kwa diski za leo, lakini picha na tasnifu hukuza wastani upesi.

(g) Kumwarifu mwandikaji. Hapa ndipo penye sababu ya ule ushauri wetu wa awali. Pasipokuwapo seva ya akiba, tarishi wa mpelekaji hujua kwamba barua haijafika, na huenda akamwarifu mwandikaji. Seva ya akiba ikiisha kujibu 250, mpelekaji huamini kwamba kazi imekwisha. Mwandishi wa makala hulala usingizi wa raha ilhali makala yake imelala pia katika seva iliyo mji mwingine. Kwa hivyo mstari wa nne wa maagizo yetu, unaomwarifu mwandikaji kwamba barua yake imechelewa kwa saa 24, usiachwe. Postfix haifanyi hivyo mpaka iagizwe.

6. Kuijaribu

Foleni ya akiba isiyojaribiwa ni sawa na ndoo ya zimamoto isiyojulikana kama ina maji. Jaribio hufanywa hivi. Seva kuu izimwe siku ya kazi chache, baada ya kuwaarifu wenzetu. Barua moja itumwe kutoka nje kwenda kwa mtu aliyepo, na ya pili kwenda kwa jina la kubuni. Ya kwanza yapaswa ionekane katika foleni ya akiba kwa amri ya postqueue -p. Ya pili ikataliwe papo hapo kwa 550. Kisha mtu aliye nje ajaribu kuitumia seva ya akiba kupeleka barua katika kikoa kisichokuwa chetu, akataliwe. Mwisho seva kuu iwashwe, foleni isukumwe kwa amri ya postqueue -f, na barua ya kwanza ifike. Jaribio hili lirudiwe angalau kila muhula.

Barua hiyo ikifika, mhariri aisome sehemu yake ya juu ambayo kwa kawaida hufichwa. Kila tarishi aipokeaye barua hupiga mhuri wake katika mstari uanzao kwa neno Received, akiandika tarehe na saa. Mhuri wa akiba wahusu haki ya mtu. Ikiwa mwisho wa kupokea makala ni tarehe 31 Machi, na seva ya akiba iliipokea tarehe 30, mwandishi hana kosa hata kama makala iliingia katika sanduku la mhariri tarehe 4 Aprili. Idara ilikuwa imekwisha sema 250. Kwa ajili hiyo saa za seva zote mbili zilinganishwe daima na saa za kuaminika za intaneti.

7. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba foleni ya akiba si dawa ya kila mkatiko wa laini. Foleni ya mpelekaji hutosha mara nyingi. Na pale isipotosha, seva ya akiba yapaswa iwe mahali tofauti, iwajue wapokeaji wake, iwe na ulinzi ulio sawa na wa seva kuu, ishike kwa muda unaolingana na mikatiko yetu, na imwarifu mwandikaji anapocheleweshwa.

Yamebaki mambo mawili ambayo mitambo haiwezi kutuamulia. La kwanza ni siri. Barua zilizo katika foleni ya akiba zaweza kusomwa na mwenye seva hiyo, na miongoni mwake mna alama za mitihani na habari za wanafunzi. Sheria ya Kenya ya Kulinda Data ya mwaka 2019 yatutaka tuzilinde habari za watu popote zilipo, hivyo mapatano baina ya idara mbili yaandikwe na kutiwa sahihi. La pili ni mtu wa kuiangalia. Kila idara imteue mmoja, kwa jina, ambaye ataitazama foleni ya akiba kila asubuhi ya kazi, na mwingine wa kushika nafasi yake akiwa likizoni. Kazi yenyewe haizidi dakika tano, nayo iandikwe katika orodha ya kazi za idara pamoja na zile za kutunza maktaba na kuhifadhi karatasi za mitihani.